Bandama la Kijivu

Edinburgh, Uskochi
12 Oktoba 1974

Kaka Bujiku,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa baridi ya huku imeanza kunitafuna vidole. Natumaini barua hii inawakuta nyote salama, Baba, wifi Malimi, watoto, na ng'ombe pia, maana nakujua wewe: ng'ombe akikohoa, nyumba nzima inaumwa.

Barua yako ya Agosti nimeisoma mara nne. Nilipoona mwandiko si wa bwana mifugo Yotamu nilishtuka, nikadhani kuna msiba na wanaficha. Kumbe ni wewe mwenyewe, umeshika kalamu. Elimu ya watu wazima imetutendea jambo. Herufi zako zimelalia upande kama ng'ombe walioshiba, lakini kila moja nimeisoma.

Umeniuliza ninasoma nini hasa, kwa kuwa Baba amechoka kuwajibu watu kwamba binti yake "anasoma damu". Basi mwambie hivi. Ndani ya kila chembe ya mwili wa mnyama kuna uzi mrefu, mwembamba usioonekana. Wataalamu wanauita DNA. Humo ndimo yalimoandikwa mambo ya urithi: rangi, pembe, nundu, maziwa. Sasa ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya uzi huo haisemi kitu tunachokielewa. Kuna kineno kifupi kinachorudiwa, na kurudiwa tena, mara laki, mara milioni, kama vile mwalimu wenu alivyowaandikisha "baba" ubao mzima. Na marudio haya hayatulii. Panya wa nyumbani ana ya kwake mara milioni, na panya wa jamii ya karibu naye hana hata moja. Ng'ombe naye ana yake ya aina kadhaa. Aina moja anashirikiana na mbuzi na kondoo, nyingine ni zake peke yake. Yalizaliwa lini? Yaliongezekaje upesi hivyo, na kwa nini mengine hupotea? Hiyo ndiyo kazi yangu. Tunautoa uzi kwenye nyama, tunauweka kwenye maji mazito ya chumvi, halafu mashine inauzungusha siku mbili na nusu. Uzi wenyewe unasimama pahali pamoja, na marudio yanajitenga pembeni, kila aina mstari wake, kwa uzito wake.

Sasa ombi, na ninaliomba nimepiga magoti. Huku ng'ombe wa Kizungu wamejaa. Wenye nundu hapa hakuna, na mwalimu wangu anataka mnyama ambaye mama zake wanajulikana, asiyechanganywa na madume ya serikali. Nikamwambia baba yangu anaweza kuwataja mama wa ng'ombe wake hadi wa saba. Alicheka, akidhani natania. Kaka, niombee kwa Baba ng'ombe mmoja wa ukoo ule wa mama yake, Bibi Mbuke. Ninachohitaji ni bandama tu, likatwe vipande na kutiwa kwenye chupa za spiriti ambazo Yotamu ameshapokea pale Uyole, pamoja na vibali. Damu kidogo haitoshi, la sivyo nisingethubutu kuomba roho ya mnyama.

Msalimie Baba sana. Mwambie simsahau.

Mdogo wako,
Helena


Usangu
19 Januari 1975

Mdogo wangu Helena,

Marahaba. Huku sisi wazima. Mvua zimeshuka vizuri na mpunga umesimama. Malimi anakusalimu, na watoto wanauliza kama huko Uskochi kuna fisi.

Barua yako nilimsomea Baba polepole, kidole kikiwa chini ya neno. Jioni aliwahesabu ng'ombe wakiingia zizini. Halafu akasema, "Kijivu." Mimi nikamwuliza, Kijivu mwenyewe? Akasema huyo huyo, mtoto hapewi kilichobaki. Kesho yake akawaita majirani, akamwaga pombe chini, akawaambia wazee waliolala kwamba Kijivu hafi bure, anakwenda kumsimamisha Helena mbele ya watu. Baba akishatamka hivyo unajua hakuna kurudi nyuma.

Kijivu alikuwa kwa rafiki yangu Shija kule Ihefu. Si unajua desturi yetu ya kumpa rafiki ng'ombe akuchungie, ili ugonjwa ukiingia usimalize zizi lote. Nilimfuata huko na nikamchinja huko huko. Bandama nilimpelekea Yotamu, akaandika karatasi zake, na nyama nikaileta nyumbani. Majirani walikula. Baba alikula. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, ng'ombe alikuwa mzee.

Hawa ndio mama zake, kama Baba alivyowataja: Kijivu alizaliwa na Pembemoja, aliyezaliwa na Mchelewa, aliyezaliwa na Nyota, aliyezaliwa na Mweusi, aliyezaliwa na Kilema, aliyezaliwa na Nyange, aliyezaliwa na Mama wa Njia, ambaye ndiye Bibi Mbuke alipewa alipoolewa.

Soma kwa bidii.

Kaka yako,
Bujiku


Usangu
19 Januari 1975
(Hii sikuituma)

Mdogo wangu Helena,

Ile nyingine nimeshaifunga. Hii naandika ili mkono wangu useme ukweli walau mara moja, halafu nitaiweka chini ya sanduku.

Kijivu hayupo. Alikufa mwezi wa Septemba, kabla hujaomba. Wakati wa kiangazi Baba alinituma nimpeleke Ihefu kwenye majani mabichi. Njiani kulikuwa na harusi. Nikamfunga karibu na maji nikaenda kuonja pombe, na kuonja kukawa siku mbili. Niliporudi alikuwa amekata kamba, amezama kwenye tope hadi shingoni, na fisi walikuwa wamemaliza kilichobaki juu. Hakuwa ameacha mtoto jike. Ukoo wa ng'ombe uliotembea na mama zetu tangu Shinyanga, mimi niliumaliza kwa kibuyu cha pombe. Baba nikamwambia nimemwacha kwa Shija, akanisifu kwa busara.

Basi alipolitamka jina lile mbele ya majirani nikajua nimenaswa. Nilikimbilia kwa Shija nikamwambia yote. Kununua bandama kwa mchinjaji wa Uyole nisingeweza. Yule ni mtu wa kwetu, Baba angejua kabla jua halijazama. Kuchinja mwingine wa zizini nisingeweza, Baba huwahesabu kila jioni. Na nyama ilitakiwa nyumbani, nyingi, siku hiyo hiyo. Shija alikuwa amepiga mbogo asubuhi. Akaniambia, bandama ni bandama, na nyama ikishachemka nani atajua.

Mbogo, Helena. Wewe unakumbuka kwa nini sisi hatumli. Babu alipouawa na mbogo, Bibi Mbuke aliapa kwamba mtu wa nyumba yake hatatia nyama hiyo mdomoni. Sijawahi kuionja, wala Baba. Nilimtazama Baba akichukua kipande cha kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye sadaka. Alitafuna muda mrefu. Akameza. Akachukua kingine.

Chupa yako ina bandama la mbogo. Sasa sijui mashine yako inaona nini. Naomba isione kitu.

Bujiku


Edinburgh
3 Novemba 1975

Kaka Bujiku,

Shikamoo, na pole na shughuli za shamba. Mimi afya tele, ila usingizi umenihama, na sababu yake nataka uisikie ukiwa umekaa.

Bandama la Kijivu tumelizungusha mara tano. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea vipimo. Ya pili nikabadilisha chumvi. Ya tatu mwalimu alikaa nami mwenyewe. Jibu ni lile lile. Marudio yale ambayo ni ya ng'ombe peke yake, kwa Kijivu hayapo pale yanapotakiwa kuwapo. Kuna mengine, yenye uzito mwingine, ambayo hapa hakuna aliyewahi kuyaona kwa ng'ombe. Maana yake ni moja kati ya mbili. Ama ng'ombe wa Bibi Mbuke walitengana na wenzao zamani kuliko mtu yeyote alivyodhani, ama marudio haya yanaweza kuzaliwa na kufa upesi mno, ndani ya ukoo mmoja wa ng'ombe, kwa vizazi ambavyo mtu anaweza kuvihesabu. Vyovyote iwavyo, Kaka, ni jambo kubwa. Nimekuja huku nikitarajia kuongeza punje moja kwenye ghala la watu, sasa naona nimeshika gunia.

Mwalimu wangu ni mtu mwangalifu, haamini hadi aguse. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika chupa ilitoka kwa mnyama gani. Mara ya tatu nilikasirika. Nikamwambia chupa ilitoka mkononi mwa kaka yangu, na kaka yangu hajawahi kunidanganya tangu nizaliwe. Akaomba radhi, na mambo yakaishia hapo.

Mwambie Baba Kijivu amenisimamisha kweli.

Mdogo wako,
Helena


Usangu
8 Februari 1976

Mdogo wangu Helena,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa Baba ana kikohozi ambacho kinakuja na kuondoka. Malimi amejifungua mtoto wa kike, tumempa jina la Mbuke.

Barua yako nimemsomea Baba. Tangu siku hiyo ng'ombe wetu wamekuwa watu wakubwa. Yotamu alileta dume la serikali kutoka Uyole ili aboreshe zizi, Baba akawafukuza wote wawili kwa fimbo, akisema ng'ombe ambao Wazungu wameshindwa kuwaelewa hawaboreshwi na dume la kuazima. Yotamu alicheka lakini naona aliumia, maana lilikuwa dume zuri.

Mimi naona, na sijui kitu, nimesoma mwaka mmoja na nusu tu kwa taa ya kibatari, mimi naona labda mngerudia na ng'ombe mwingine. Mtu akiona jambo moja asilijengee nyumba. Ngoja kwanza, usiseme mbele ya watu. Ukitaka naweza kuchinja wa kwangu mwenyewe, yule mwekundu.

Hayo ni mawazo yangu tu. Wewe ndiye uliyesoma.

Kaka yako,
Bujiku


Edinburgh
20 Septemba 1976

Kaka Bujiku,

Shikamoo. Kikohozi cha Baba kinanisumbua kuliko yeye mwenyewe. Tafadhali mpelekeni hospitali ya Tosamaganga, Sista Evarista aliyenifundisha bado yupo, atawaonyesha pa kupita. Mbuke mdogo nimemnunulia kofia ya sufu, ingawa najua huko itakuwa ya kuchezea kuku.

Kuhusu kurudia na ng'ombe wako mwekundu, nilimwambia mwalimu. Akasema vibali vya kuingiza nyama kutoka nje sasa vimebanwa kwa ajili ya ugonjwa wa midomo na kwato, tutangoja miaka. Basi tuliendelea na kilichopo.

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya watu mia mbili. Sikuanza na hesabu, nilianza na majina. Nikataja Kijivu, Pembemoja, Mchelewa, Nyota, hadi Mama wa Njia. Ukumbi ulitulia kabisa. Nikawaambia majina haya hayakuandikwa popote hadi kaka yangu alipojifunza kuandika. Nilipomaliza walipiga makofi, na mzee mmoja mwenye mvi alinijia akaniambia hajasikia kitu kama hicho miaka thelathini. Makala yangu itachapishwa mwezi wa Novemba, na shukrani kwa Baba zimo, kwa jina lake lote. Desemba, Mungu akipenda, nitapewa shahada ya udaktari.

Baada yangu alizungumza kijana mmoja wa Kijerumani, ambaye hupima wanyama wa porini wanaofia kwenye bustani za wanyama. Alionyesha picha zake nyingi.

Kaka, nina swali dogo, la kukamilisha kumbukumbu tu. Siku ile Kijivu alichinjwa mahali gani hasa, na nani alikuwapo? Nijibu upesi ukiweza.

Mdogo wako,
Helena


Tosamaganga, Iringa
17 Aprili 1977

Mdogo wangu Helena,

Simu ya kifo cha Baba aliyokupelekea Sista Evarista najua uliipata. Sikuandika tangu hapo, wala kabla ya hapo. Barua yako ya Septemba ilifika Novemba. Nilimsomea Baba, na nilipofika kwenye lile swali lako la mwisho nilikunja karatasi nikasema salamu zimekwisha.

Wagonjwa wengine wakiletwa hapa hupona. Baba mapafu yalikuwa yamechoka, na sista na waganga walihangaika naye wiki tatu. Siku mbili kabla hajaondoka alikuwa mwepesi, alikunywa uji, akaniambia nisogee. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka.

Akasema, "Nyama ile haikuwa ya Kijivu, ilikuwa ya porini. Nilijua kwa kipande cha kwanza."

Nilimwuliza kwa nini basi alimeza. Akasema, "Watu walikuwa wanakutazama."

Helena, mzee yule alivunja kiapo cha mama yake mbele ya macho yangu, kipande baada ya kipande, ili mimi nisiaibike mbele ya majirani. Halafu akaishi na jambo hilo miaka miwili bila kunigusia. Hata fimbo aliyomfukuzia Yotamu, sasa naona ilikuwa yangu. Akaniuliza kama nimekwambia wewe. Nikasema bado. Akasema, "Mwambie kabla hajasimama mbele za watu na maneno yetu." Mimi nilikuwa nimeshamsomea kwamba umesimama, lakini homa ilikuwa imemfutia kumbukumbu. Sikumkumbusha. Nikasema nitakwambia, akafumba macho.

Tumemzika nyumbani, karibu na zizi. Kila nikitoa ng'ombe nampita.

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyoandika siku ile ile ya kwanza nikaificha. Isome, imeeleza yote, sina nguvu ya kuandika mara ya pili. Kwa ufupi ni kwamba Kijivu alikufa kwenye tope kwa ulevi wangu, na ulichokipima ni mbogo.

Sitakuomba msamaha kwa karatasi. Ila nimefanya jambo moja na nataka ulijue. Nimekuja hapa kwa Sista Evarista, nimemweleza, na amenitafsiria barua kwa Kiingereza kwenda kwa mwalimu wako. Anwani niliitoa kwenye bahasha zako. Nimemwandikia kwamba kosa ni la Bujiku mwana wa Nkuba, mchungaji, na la mtu mwingine hapana. Nimemwambia dada yangu hakujua chochote, aliniamini kama mtu anavyomwamini kaka yake. Nimeapa hilo kwa kaburi la Baba. Sista aliniuliza kama ni lazima niweke kiapo, nikamwambia ni lazima, mimi mwongo anayejulikana, bila kiapo nani ataniamini.

Barua hiyo imetoka leo pamoja na hii. Nimefikiri, hata wakikunyang'anya kitu, jina lako litabaki safi.

Kaka yako,
Bujiku


Edinburgh
11 Juni 1977

Kaka Bujiku,

Shikamoo. Poleni tena na msiba, pole na wewe uliyekuwa naye. Mwili wangu mzima. Nimeanza barua hii mara sita.

Barua zako zilifika siku moja, yangu na ya mwalimu. Aliniita, akanivutia kiti mwenyewe, akanipa Kiingereza cha Sista Evarista nikisome. Alipoona nimemaliza alinipa leso. Akasema, "Maskini, umetendwa vibaya na mtu uliyempenda." Akasema, "Hili si la kukuhukumu, mtafiti yeyote angeweza kudanganywa na chupa. Tutachapisha masahihisho mafupi, tutaeleza kwamba sampuli ilibadilishwa na ndugu yako bila wewe kujua. Shahada itabaki, kazi nyingine uliyofanya juu ya panya na kondoo inatosha kuibeba." Halafu akaniuliza, kwa upole tu, kama mtu anayefunga mlango, "Hukuwahi kushuku, siyo?"

Kaka, yule kijana wa Kijerumani. Picha yake ya nne ilikuwa ya mbogo wa Afrika. Nilikuwa nimetoka jukwaani dakika kumi tu, makofi bado yako masikioni, na nikaona mistari ya Kijivu ukutani, mahali pale pale, kwa uzito ule ule. Hakuna aliyeona zaidi yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekaa na mistari ile mwaka mzima kama mimi. Nilijua pale pale. Sikujua umefanyaje wala kwa nini, lakini nilijua ni mbogo, na nikakumbuka kiapo cha Bibi.

Makala ilikuwa bado haijachapishwa. Nilikuwa na wiki tatu za kuizuia. Waliniletea karatasi za kusahihisha, nikasahihisha koma. Nilikuandikia lile swali ili niweze kujiambia kwamba nimeuliza. Nikasema nangoja jibu la Kaka. Jibu halikuja, nami nikashukuru moyoni kila posta ilipopita bila barua yako. Desemba wakaniita Daktari. Nilipiga picha na kumtumia Baba. Sijui kama ilimfikia.

Basi mwalimu aliponiuliza, kiapo chako kilikuwa mezani kati yetu, kwa kaburi la Baba, kwamba sikujua. Nilisema, "Sikuwahi." Nikasema na asante.

Masahihisho yametoka. Nimekukatia kipande, nakitia humu, ingawa hutakisoma. Yameandikwa kwamba kosa lilifanywa na ndugu wa mtafiti huko Tanzania. Watu wananihurumia. Mama mmoja wa maabara ameniokea keki.

Wewe uliapa usichokijua, ukadhani ni kweli. Mimi ndiye niliyekigeuza kiapo chako kuwa uongo, na nimefanya hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti nilichovutiwa. Nimejaribu kurudi kwa mwalimu. Nafika kwenye ngazi, nageuka narudi maabara. Mimi mwenzako sina ujasiri wa kuandika barua kama yako.

Basi ukweli wote sasa unao wewe. Anwani ya mwalimu nimekuandikia upya kwenye karatasi ndogo, kwa herufi kubwa, na Sista Evarista yupo. Ukiandika, sitakulaumu. Nadhani nitashukuru.

Mdogo wako,
Helena


Usangu
30 Julai 1977

Mdogo wangu Helena,

Marahaba. Huku sisi wazima. Mbuke ameanza kukimbia na anaogopa jogoo.

Barua yako nimeisoma peke yangu, mara mbili, nikiwa nimekaa nyuma ya zizi. Picha yako ilifika Januari. Baba aliiweka chini ya mto na tumemzika nayo.

Karatasi ya anwani nakurudishia humu ndani. Hiyo siyo kazi yangu. Mimi yangu nimeshaandika, na kuandika kulinichukua miaka miwili na kifo cha mtu, kwa hiyo sikuhimizi kama vile ni jambo dogo.

Kiapo usikiogope. Nimekwenda kaburini nimemwambia Baba kwamba niliapa vibaya bila kujua.

Ukishamwandikia mwalimu wako, njoo nyumbani. Usipomwandikia, njoo vilevile.

Kaka yako,
Bujiku